Mama Subiri Taa na Kidole Kisichoachia

Kwenye taasisi wanakopima wepesi wa watu, jina lake halisi limebaki kwenye orodha ya mishahara tu. Wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka daktari mkuu, humwita Mama Subiri Taa. Ukikaa mbele ya sanduku lake, neno la kwanza atakalokuambia ni hilo, "subiri taa," na kabla hujainuka utakuwa umelisikia mara arobaini. Mumewe, fundi mwashi aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo, aliniambia kwamba hata usingizini hulisema.

"Sisi nyumbani tumezoea," alisema. "Nikitaka kuchukua kipande cha kwanza cha nyama, nasubiri taa."

Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni. Chumba chake kipo mwisho wa korido ya chini, baada ya stoo ya mafagio. Ndani kuna meza mbili, pazia zito la bluu, feni isiyozunguka, na kiti ambacho mguu wake mmoja umewekewa kipande cha ndala ili kisicheze. Juu ya meza ya anayepimwa kuna sanduku jeusi, ukubwa wake kama kitabu kinene, lenye vitufe vitano na taa moja. Waya unatoka nyuma ya sanduku na kuingia kwenye kompyuta. Taa ikiwaka, unabonyeza. Kazi yote ndiyo hiyo. Na kwa kazi hiyo madereva, waendesha mitambo na watu waliotoka hospitali huambiwa kama wanafaa kurudi kazini au hawafai.

Hakuja pale kama fundi. Baba yake alikuwa mwandishi wa barua za watu, anakaa nje ya mahakama na taipureta yake juu ya kreti. Taipureta hiyo herufi R ilikuwa imekatika, na kazi ya binti ilikuwa kupitia kila barua na kuijaza R kwa kalamu, moja moja, bila kuruka hata moja. Alipokua, taasisi ikamwajiri awe mchapaji. Fundi wa kompyuta wa wakati ule akapata kazi kwingine, akaondoka, na mwezi haukuisha kompyuta yake ikafa. Programu zote alizoandika zikabaki kwenye karatasi tu, rundo nene kama tofali. Daktari mkuu akamletea mchapaji rundo lile.

"Akaniambia, wewe chapa kama ilivyo, usijisumbue kuelewa," alinisimulia. "Nikachapa miezi miwili. Mwezi wa kwanza sikuelewa kitu. Mwezi wa pili nikaanza kuona kwamba huyu bwana anarudiarudia maneno. Halafu siku moja nikakuta kosa. Nikajua nimekosea mimi. Kurudi kwenye karatasi, naona kosa ni lake."

Tangu siku hiyo akawa fundi. Hakuna aliyemtangaza. Ila kitu kikikwama, wakaanza kumwita yeye.

Sanduku jeusi lilikuja baadaye, na halikuja na programu. Lilikuja likiwa bubu. Ili kompyuta izungumze nalo, alichukua mtandaoni kile ambacho watu wa kompyuta hukiita maktaba. Si nyumba ya vitabu. Ni kazi ambazo wengine wamekwisha kuziandika wakaziacha wazi, nawe unaziazima kwa kuziita kwa majina: moja inatafuta sanduku, moja inaweka saa yake sifuri, moja inauliza kama kuna kitufe kimebonyezwa. Yeye aliandika programu yake juu ya hizo, kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali aliyofyatua jirani.

"Walioyaandika hayo sijawahi kuwaona," aliniambia. "Sijui ni wazee au vijana. Lakini kila nikilipwa mshahara nawaombea heri."

Nilikutana naye kwa sababu ya ndoo ya maji. Naendesha kreni kwenye karakana ya vyuma, huu mwaka wa ishirini na mbili. Siku moja, nikipanda ngazi nyumbani na ndoo, niliteleza nikaangukia kisogo. Siku mbili sikujijua. Wiki tatu nikalazwa, miezi miwili nikakaa nyumbani. Nilipopona, karakana wakasema sitaishika kreni mpaka taasisi iandike kwamba macho, kichwa na mikono yangu vinaelewana. Ni haki yao. Kreni si baiskeli. Tani mbili za chuma zinapita juu ya vichwa vya watu wenye watoto. Lakini msimamizi wetu, ambaye tunamwita Filimbi kwa sababu haitoki mdomoni, alinieleza wazi: nikishindwa, hapana kazi nyingine ya kunipa. Na mimi sina kazi nyingine ninayoijua.

Basi nikaenda. Mama yule akaniweka kwenye kiti, akafunga pazia, akasema subiri taa. Taa ikawaka, nikabonyeza. Mara ya pili taa ikawaka, ikazimika papo hapo na kompyuta ikalia ti! Sikuwa nimegusa kitu. Nikabonyeza kwenye giza, nimechelewa. Mara ya tatu, ti! Nikakaza macho. Ya nne nikaipata. Ya tano, ti! Jasho likanishuka mpaka kiunoni. Kati ya mara arobaini, ishirini na sita ilinililia ti, na kila mara nilikuwa na hakika kwamba sijabonyeza. Lakini mtu aliyeanguka kisogo anakuwa na hakika gani? Nikajiambia, ndiyo yale waliyoyasema madaktari. Mkono unafanya mambo kichwa hakina habari.

Sikumwambia mtu neno. Nyumba yenye korido ndefu vile na vibao milangoni, mtu wa darasa la saba ataanza kusema nini? Nikaaga, nikatoka.

Mke wangu alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Haya, wamesemaje?"

"Wataandika barua."

"Sijauliza barua. Nauliza wewe umeonaje."

"Taa inazimika kabla sijabonyeza."

"Ukawaambia?"

Nikatazama viatu.

"Jamani!" akasema. "Mwanamume huyu siku ya harusi aliulizwa kama ananitaka, akatikisa kichwa. Mpaka leo sina hakika kama tulioana."

Alisema hivyo ili nicheke, na nilipokosa kucheka akaacha. Akaniletea maji ya kunawa, akakaa karibu yangu.

Baada ya siku tatu Filimbi akanipigia. Barua imefika. Imeandikwa kwamba sina uwezo wa kujizuia, nabonyeza kabla ya ishara, na kwamba si salama nishike mtambo. Kreni yangu amepewa mwingine kwa muda, na mwisho wa mwezi watamalizana nami. Alisema maneno hayo taratibu, na kwa mtu kama Filimbi kusema taratibu ni kama mwingine kulia.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ikalia tena. Mke wangu akaipokea kwa sababu mimi sikutaka kuongea na mtu.

"Habari za hapo, dada. Mimi ni yule wa taasisi, wa subiri taa. Naomba kaka aje. Nataka kukiona kidole chake."

"Kidole cha mume wangu unakitakia nini?"

"Kinanikosesha usingizi."

"Ehe! Basi hapo nakuja naye mwenyewe," akasema mke wangu, na kweli tukaenda wote wawili, akakaa kwenye benchi la korido na mkoba wake mapajani kama polisi.

Mama Subiri Taa alikuwa na karatasi zangu mezani, zimepigwa mistari ya kalamu nyekundu. Akanieleza kwamba mtu mwenye pupa hukosea kidogokidogo na ovyoovyo: hapa ametangulia taa kwa nusu sekunde, pale kwa robo. Makosa yangu yote yalitangulia taa kwa sekunde nzima au zaidi, na yote yalifuata ile mara niliyobonyeza kwa umbali karibu uleule.

"Hakuna binadamu anayekosea kwa utaratibu hivi," akasema. "Halafu nikakumbuka kitu. Siku ile nilikutazama kidole gumba. Ukucha ulikuwa mweupe. Muda wote mweupe. Hebu kaa, ubonyeze kama ulivyobonyeza."

Nikakaa. Taa ikawaka. Nikabonyeza.

Akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa mkono wangu.

"Mbona huachii?"

"Mzigo haujatua," nikasema.

Neno lilinitoka tu. Akainua uso.

"Mzigo gani, kaka?"

Nikaona aibu, nikataka kusema samahani. Lakini alinitazama kama mtu anayetaka kujua kweli, bila kuniharakisha, nikajikuta naongea. Nikamwambia kwamba swichi ya kreni yetu inaning'inia kwenye waya, unatembea nayo mkononi. Ukibonyeza cha kushusha, mzigo unashuka, ukiachia, unasimama. Ukiachia njiani unasimama kwa kishindo, unayumba, na chuma kikiyumba hakichagui cha kugonga. Kwa hiyo tunafundishwa siku ya kwanza: usiachie mpaka mzigo umetua na mnyororo umelegea. Miaka ishirini na mbili kidole changu kikishuka hakipandi mpaka mwili umeridhika kwamba kitu kimefika chini. Sikuwahi kufikiri kwamba nafanya hivyo. Nafikiri hata kengele za milango ya watu nazibonyeza hivyo.

"Ndiyo," mke wangu akadakia kutoka kwenye benchi. "Majirani wanadhani ni moto."

Mama Subiri Taa akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Basi nimekuelewa," akasema. "Na sasa nielewe mimi."

Akanigeuzia kompyuta. Sanduku lile, akasema, ni aminifu. Kidole kikishuka linaandika saa kiliposhuka. Kikipanda linaandika pia saa kilipopanda. Habari hizo zinajipanga foleni kama watu kwenye dirisha la zahanati, na programu inamhudumia aliye mbele. Yeye alipoiandika hakumwuliza aliye mbele kama ni "kidole chini" au "kidole juu". Alichofanya ni hiki: baada ya kila jibu alisubiri sekunde moja, akafukuza foleni yote kama kwa ufagio, ndipo akajiandaa kuwasha taa nyingine. Kwa watu wanaogusa na kuachia haikuwa na neno, kwa sababu "juu" yao ilishafukuzwa. Yangu ilifika baada ya ufagio kupita. Ikasimama dirishani peke yake, inasubiri. Taa ikiwaka, programu inafungua dirisha, inamkuta yeye, inamdhani ndiye jibu, inatazama saa yake, inaona ni kabla ya taa. Ti!

"Kwa hiyo kichwa changu..." nikasema.

"Kichwa chako kizima, kaka. Mgonjwa ni programu yangu."

Nilikaa nikitazama pazia. Lilikuwa na kiraka upande wa chini, kimeshonwa kwa uzi mweupe, na nikaihesabu mishono yake yote mpaka nilipoona naweza kugeuka. Mke wangu alikuwa ameshaingia ndani bila kuitwa, amemshika yule mama mkono.

Dawa yake ilikuwa mistari mitatu. Wa kwanza: ukimkuta "juu", mwondoe, si jibu. Wa pili: taa isiandaliwe mpaka kidole kimepanda. Wa tatu: fukuza foleni tena, nukta ile ile ya kuwasha taa. Kuiandika haikumchukua dakika kumi. Kuhakikisha kulichukua siku mbili, na kwa siku hizo alihitaji kidole kama changu. Nilishikilia sekunde moja, sekunde tatu, sekunde tano. Nilishikilia mpaka aliponiruhusu. Alinipa mapumziko, na katika mapumziko ndipo aliponisimulia habari za baba yake na ile herufi R. Alikuwa haongei nami kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa. Aliniuliza: "Ungekuwa wewe, ungekosea wapi?" Nikamwambia mtu anaweza kubonyeza viwili pamoja. Akaandika. Nikamwambia wengine mikono yao ina jasho, kidole kinateleza. Akaandika hilo nalo.

Siku ya pili mchana akaja daktari mkuu, mtu mrefu mwenye uso wa kuchoka. Alisimama mlangoni. Nilitaka kutoka, mama akanifanyia ishara nibaki.

"Nimesoma karatasi yako ya hilo kosa la programu," daktari akasema. "Basi andika kwamba ni kosa la hiyo maktaba. Imetoka mtandaoni, nani atabisha?"

"Hapana, daktari. Maktaba iliniambia yote. Kidole kimeshuka, kidole kimepanda. Mimi ndiye niliyesikiliza nusu."

"Programu hii tunaitumia mwezi wa nane sasa."

"Najua. Nimeshapitia wote tuliowapima. Mbali na huyu kaka, kuna saba wengine."

"Saba!"

"Mchomeleaji. Mtoboa mawe. Mama anayeshona viti. Watu ambao kazi yao ni kushikilia. Wote tuliandika hawawezi kujizuia."

Daktari akaegemea mlango. "Unajua kwamba kupandishwa kwako cheo kupo mezani kwa wakubwa mwezi huu?"

"Najua."

"Na unataka niwapelekee barua inayosema umekosea mara nane."

"Nimekosea mara moja, daktari. Walioumia ndio nane."

Daktari akaisoma tena ile karatasi kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, lakini masikio hayana mahali pa kutazama.

"Iandike," akasema mwishowe. "Usaini wewe, nami nitasaini chini yako."

Barua ile angeweza kuituma. Aliipeleka mwenyewe, na sanduku kwenye mfuko wa sokoni, na kompyuta kwapani. Tulifika karakana saa ya mapumziko, watu wamekaa juu ya vyuma wanakunywa chai. Filimbi akaisoma barua, akairudia.

"Mama, heshima yako," akasema. "Barua ya juzi inasema huyu hafai. Ya leo inasema anafaa. Ya kesho itasema amekuwa rubani?"

"Una haki ya kuuliza," akajibu. "Wewe umewahi kuishika kreni?"

"Mimi?" Filimbi akacheka. "Mimi ndiye niliyemfundisha!"

"Basi kaa hapa."

Akalipanga sanduku juu ya kreti, akamwekea ile programu ya zamani bila kumwambia. Watu wakasogea na vikombe vyao. Subiri taa. Filimbi akabonyeza, akashikilia. Taa ya pili ikawaka, ti!

"Umekosea," mama akasema.

"Sijagusa!"

"Mashine inasema umegusa kabla ya taa."

"Sijagusa mimi! Nyie si mnaniona?"

Ti!

"Aa! Hii mashine yako inasema uongo, mama!"

"Ndivyo huyu kaka alivyotaka kusema. Ila yeye hana filimbi."

Watu wakaangua kicheko, mmoja akamwaga chai. Mara ishirini alizopimwa Filimbi, kumi na tatu aliambiwa ana pupa. Mama akambadilishia programu, akampima tena: hakuna kosa hata moja. Ndipo akamweleza, kwa maneno yale yale aliyonieleza mimi, foleni na dirisha na ufagio, na Filimbi akasikiliza akiwa ameitoa filimbi mdomoni. Halafu akaniita mimi nikae, mbele ya wote.

Wanahesabu kwa sekunde moja iliyogawanywa mara elfu. Muda wangu wa kubonyeza ulikuwa mia tatu na sitini, na unavyopungua ndivyo mtu alivyo mwepesi.

"Mimi nimepata ngapi?" Filimbi akauliza.

"Mia tatu na tisini na nne."

"Kumbe mgonjwa ni wewe, bosi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Basi, basi! Chai imekwisha!" Filimbi akapuliza mpaka masikio yakatuuma. Kisha akanigeukia, na sasa alisema taratibu tena. "Kesho saa moja. Swichi yako ipo palepale ulipoiacha."

Nilimsindikiza yule mama mpaka kituo cha basi, nimembebea mfuko. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nilikuwa nayo mengi tangu usiku wa kuamkia siku ile, nimeyapanga vizuri, na yote yakakwama. Nikasema tu, "Dada."

"Usinishukuru," akasema. "Mimi ndiye niliyekukosea."

Lakini nilimshukuru, na namshukuru mpaka leo. Kukosea kila mtu anakosea. Mimi mwenyewe nimewahi kushusha bomba juu ya toroli la mtu. Yeye alikuwa na mlango wa kutokea, daktari wake amemfungulia na kuushikilia, akakataa kupita. Cheo kile hakukipata mwaka huo. Hakuniambia, niliambiwa na mumewe, siku mke wangu na mimi tulipokwenda kuwasalimia, akalisema katikati ya utani na kuendelea na utani wake.

Wale saba aliwatafuta mmoja mmoja. Sita akawapata, akawapima upya. Wanne walikuwa wazima kabisa. Wawili walikuwa wazito kweli, na hao nao akawaambia ukweli, akawaeleza na pa kwenda kupata mazoezi ya mikono. Wa saba ndiye yule mama mshona viti. Alipimwa akitafuta kazi kwenye kiwanda cha mabegi, akakataliwa. Simu yake haipatikani, nyumba aliyoiandika amehama.

"Kaka, wewe unakutana na watu wengi," Mama Subiri Taa aliniambia siku moja.

Mimi nakutana na vyuma. Lakini sikumwambia hivyo. Nikamwambia nitauliza.

Siku zangu za mapumziko nikaanza kuzunguka kwa mafundi wa viti. Duka la kwanza nilipita mbele yake mara tatu kabla ya kuingia, mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimepoteza kitu. La pili nikaingia, nikanunua mita ya kitambaa nisiyoihitaji, nikatoka bila kuuliza. Mke wangu akakitazama kile kitambaa, akasema, "Kwa mwendo huu tutampata tukiwa na mapazia ya mtaa mzima." La tatu niliuliza. Hawakumjua. La nne, la tano, hawakumjua, lakini sauti ilikuwa imeanza kunizoea. Kwenye la tisa mzee mmoja akasema yupo mama wa namna hiyo, anashonea nyumbani, nyuma ya shule, nyumba yenye mlango wa kijani.

Nikabisha hodi. Cherehani ilikuwa inalia ndani, ikakimbia mpaka mwisho wa mshono, ndipo ikanyamaza. Akatoka mwanamke wa makamo, nyuzi kwenye nywele.

"Karibu. Kiti au godoro?"

"Hapana, mama. Nimetumwa na wale wa taasisi. Wa kupima."

Akakunja uso. "Wamenitafutia nini tena? Si walishasema mimi nina pupa? Watoto wangu wenyewe walicheka. Mimi, pupa! Mshono mmoja naufumua mara tatu."

"Walikosea," nikasema. "Mimi pia waliniambia hivyohivyo. Aliyeandika programu amekiri kwamba kosa ni lake. Anakutafuta akupime upya, na barua kwa kiwanda ataiandika yeye."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Halafu akarudi ndani, nikasikia anaburuta kitu, akatokea na kiti kipya ambacho hakijavishwa kitambaa, sponji tupu, akakiweka kivulini kando ya mlango.

"Kaa," akasema. "Nieleze tangu mwanzo, wala usiruke kitu."

Nikakaa, nikamweleza yote.